Mto Tsavo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unakusanya maswali yanayorudi kila Mto Tsavo unapotajwa: ya abiria wa basi la Mombasa aliyeona kibao cha daraja, ya mwanafunzi mwenye ramani ya Kenya mkononi, ya mgeni aliyetoka tu kuwaona viboko wa chemchemi za Mzima. Mto wenyewe ni mdogo, na kwenye ramani nyingi ni uzi mwembamba tu wa buluu. Lakini kiangazi kikikaza, nyika yote kuanzia hapo hadi karibu na Malindi inautegemea, na sehemu kubwa ya maji yake haitoki pale watu wanapodhani. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mto Tsavo uko wapi?

Kusini mashariki mwa Kenya. Vijito vyake vya juu vinashuka kutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Mto unaingia Mbuga ya Tsavo Magharibi, unaikata kuelekea mashariki, unapita chini ya reli na barabara kuu ya Nairobi–Mombasa mahali panapoitwa Tsavo, kati ya Mtito Andei na Voi, kisha unaingia Tsavo Mashariki na kukutana na Mto Athi. Hapo jina lake linakoma.

2. Tawimto ni nini, na kwa nini Tsavo unaitwa hivyo?

Tawimto ni mto unaomwaga maji yake katika mto mwingine badala ya baharini au ziwani. Wengine husema mkono wa mto, na maana ni ile ile. Tsavo haufiki bahari kwa jina lake; unaingia Athi, kwa hiyo ni tawimto la Athi.

Kuitwa tawimto hakumaanishi kwamba mto ni dhaifu au wa msimu. Ipo mito mikubwa ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka hubeba maji machache kuliko matawi yake, na hapa ndipo habari ya Tsavo inaponoga. Tazama swali la 14.

3. Athi, Tsavo, Galana, Sabaki: ni mito minne au mmoja?

Hili ndilo swali linalowachanganya watu kuliko yote. Kwa lugha ya jiografia, Athi, Galana na Sabaki ni mto mmoja wenye majina matatu, na Tsavo ni tawi lake. Urefu wa mto huo mkuu hutajwa kuwa kilomita 390, na ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana.

Unaanzia nyanda za juu, pande za Ngong na Nairobi, ambako vijito vingi vinakusanyika. Unapita karibu na Thika, unaanguka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, halafu unazunguka Ukambani ukielekea kusini mashariki. Huko kote ni Athi. Ukishaupokea Tsavo, unaitwa Galana. Ukikaribia pwani, katika nchi ya Wagiriama, unaitwa Sabaki, na kwa jina hilo ndipo unapoingia Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi.

Majina hayakupangwa na ofisi ya ramani. Kila jamii iliupa mto jina kwa kipande ilichokijua. Galana ni neno la Kioromo linalotaja maji makubwa, mto au hata bahari, na kwa Waorma na Wawaata waliozunguka nyika ile, huo ulikuwa ndio mto. Hapakuwa na mwingine wa kuulinganisha nao hadi ufike Tana.

4. Jina Tsavo lina maana gani?

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba latokana na Kikamba na lina maana ya mauaji, mahali pa kuchinjwa. Watu hulihusisha upesi na simba waliokula watu mwaka 1898, lakini jina lilikuwapo kabla ya reli. Matamshi ya wenyeji huanza na "ts" iliyoshikana. Wengi katika Kiswahili cha kila siku husema "Savo", na hakuna atakayeshindwa kukuelewa.

5. Je, mto umepewa jina la mbuga, au mbuga jina la mto?

Mbuga imepewa jina la mto. Mbuga ilitangazwa Aprili 1948, na baadaye ikagawanywa pande mbili kwa usimamizi: Tsavo Mashariki, kilomita za mraba 13,747, na Tsavo Magharibi, kilomita za mraba 9,065. Reli na barabara kuu ndizo zinazozitenganisha. Mto unapita katika zote mbili.

## Chanzo cha maji

6. Mto Tsavo unaanzia Kilimanjaro au chemchemi za Mzima?

Ukiufuata mkondo kwenye ramani hadi mwisho wake wa juu kabisa, utafika miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, kwenye vijito na chemchemi za upande wa Rombo. (Jina Rombo liko pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Kaunti ya Kajiado, kwa hiyo soma ramani kwa makini.) Hicho ndicho chanzo kwa maana ya kitabu.

Ukiuliza maji yanayopita chini ya daraja mwezi wa tisa yametoka wapi, jibu linageuka. Vijito vya juu vina watu wengi pembeni: nyanya, vitunguu na mahindi vinamwagiliwa kwa maji hayo, na yanayobaki hupungua sana kiangazi kinapoendelea. Kinachoushikilia mto wakati huo ni Mzima, chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, ambazo hutoa takriban lita milioni 220 kwa siku. Kwa maoni yangu, anayetaka kuuelewa mto huu aanze Mzima, halafu apande Kilimanjaro akishapata nafasi.

7. Na maji ya Mzima yenyewe yanatoka wapi?

Vilima vya Chyulu. Hivi ni vilima vya volkano kaskazini magharibi ya Mzima, kilele chake kikifika mita 2,188. Kwa umri wa miamba bado ni vichanga sana: milipuko ya mwisho ilitokea katikati ya karne ya 19, na lava ya Shetani, ile nyeusi unayoivuka ukielekea lango la Chyulu la Tsavo Magharibi, ni ya wakati huo. Wazee walioona ardhi ikitema moto waliamini ni shetani mwenyewe anayetoka, na jina likabaki.

Jambo la ajabu kuhusu Chyulu ni kwamba mvua inanyesha vizuri, ukungu unatua, misitu iko juu, lakini mto hakuna. Panda vilima vile kutwa nzima na hutavuka kijito hata kimoja. Ardhi yenyewe ni majivu ya volkano na lava yenye vitundu na mapango, na inameza maji kama sifongo. Maji yanashuka hadi yakutane na miamba ya zamani iliyo migumu, yasiyoweza kuipenya, halafu yanateleza juu yake gizani kwa makumi ya kilomita. Yanapotokea ni Mzima, safi kama kioo, kwa sababu yamechujwa njia nzima.

Kwa hiyo msitu wa Chyulu ni sehemu ya Mto Tsavo, hata kama hakuna anayeuona mto pale. Ukikata miti juu na kuichoma makaa, mvua itapiga ardhi tupu, na kile ambacho kingezama taratibu hakitazama vile vile.

8. Ni kweli maji hukaa miaka 25 chini ya ardhi?

Hayo ndiyo makadirio yanayotajwa siku zote. Yachukue kama wastani. Tone moja linaweza kupata njia ya haraka kwenye ufa wa lava, na jingine likajivuta kwenye majivu kwa muda mrefu zaidi. Maana yake kwa mto ni kubwa, na swali la mwisho la ukurasa huu linaieleza.

9. Kwa nini mkondo wa Mzima unapotea halafu unatokea tena?

Baada ya maji kutoka chini ya mwamba na kutengeneza mabwawa mawili makubwa yenye maporomoko madogo kati yake, mkondo unakwenda kama kilomita mbili tu, unakutana na ukuta wa lava iliyoganda na kuzama tena. Wageni wengi huona hapo na kudhani mto umekufa. Maji yanapita chini ya lava, yanatokea upande wa pili, na ndipo yanapoingia Tsavo.

Pale Mzima kipo chumba cha chuma kilichozamishwa majini chenye madirisha ya vioo. Unashuka ngazi, joto la nje linabaki juu yako, na mbele ya kioo wanasimama samaki wa jamii ya ningu, kundi zima likiwa limeelekeza vichwa upande mmoja, likisubiri. Wanamsubiri kiboko. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kuja kunya majini mchana, na kinyesi hicho ndicho chakula cha samaki na wadudu. Samaki nao ni chakula cha mamba na ndege. Bwawa zima linaendeshwa na nyasi zilizoota nje yake. Ndiyo sababu ukame wa 2009 uliwaua viboko wengi Mzima ingawa maji hayakukauka hata siku moja: nyasi ziliisha.

10. Theluji ya Kilimanjaro ikiisha, Tsavo utakauka?

Hapana. Hofu hii inaeleweka, kwa sababu picha ya barafu inayoyeyuka imewaingia watu, lakini barafu ya kileleni ni ndogo na mchango wake kwa mito ni mdogo sana. Mito ya Kilimanjaro inalishwa na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, chini kabisa ya barafu. Msitu huo ukiungua au kukatwa, hapo ndipo pa kuogopa. Na sehemu kubwa ya maji ya Tsavo wakati wa kiangazi haina uhusiano na theluji yoyote (swali la 7).

11. Mto Lumi nao unatoka Kilimanjaro na kupita Taveta. Je, unaingia Tsavo?

Hauingii. Lumi unatoka upande ule ule wa mashariki wa mlima, unapita Taveta na kuingia Ziwa Jipe, lililo mpakani. Kutoka Jipe maji yanaendelea kwa Mto Ruvu hadi mfumo wa Pangani nchini Tanzania. Kwa hiyo mvua mbili zinazonyesha kilomita chache mbali, upande mmoja wa mlima, zinaweza kuachana kabisa: moja ikaingia bahari Pangani, nyingine Malindi.

## Mkondo: kutoka Mzima hadi Athi

12. Baada ya Mzima, mto unapita wapi?

Unaelekea mashariki ndani ya Tsavo Magharibi, safu ya Ngulia ikibaki upande wa kaskazini. Sehemu ya mbuga iliyo kaskazini ya mto ndiyo yenye barabara nyingi na kambi nyingi za wageni; ng'ambo ya kusini ni kimya zaidi. Nchi yenyewe ni udongo mwekundu, ule unaowafanya tembo wa Tsavo waonekane kama wamepakwa rangi, pamoja na migunga, mibuyu na vichaka vinavyopukutisha majani yote kiangazini.

Kwa macho, mto unautambua kabla hujaona maji. Ukiwa mbali, juu ya kichaka cha kijivu, unaona mstari wa kijani ukijipinda: mikoma yenye shina linalogawanyika matawi, mikindu, mikuyu. Miti hiyo haiwezi kuishi hatua mia mbili kutoka ukingoni. Mstari huo ndio mto.

13. Makutano na Athi yako wapi, na yanafikika?

Yako ndani ya Tsavo Mashariki, upande wa mashariki wa daraja la Tsavo, si mbali na barabara kuu. Athi unakuja kutoka kaskazini magharibi ukifuata mguu wa Uwanda wa Yatta. Yatta ni ukuta mrefu wenye mgongo bapa unaouona upeoni, uliotokana na lava iliyotiririka zamani sana, na urefu wake, karibu kilomita 300, unauweka miongoni mwa mitiririko mirefu kabisa ya lava duniani. Tsavo unaingia kutoka magharibi, na kutoka hapo maji ni ya Galana.

Kufika ni lazima uingie mbuga kwa utaratibu wake, kwa gari linalofaa, na ni vyema uwe na mtu anayezijua njia. Usishuke ukingoni kwa miguu. Swali la 18 linasema kwa nini.

14. Tsavo hukauka? Na kama haukauki, Athi je?

Kuanzia Mzima kwenda chini, Tsavo hutiririka mwaka mzima. Juu ya Mzima hali hutegemea mvua na wingi wa mashamba (swali la 6).

Athi nao ni mto wa kudumu, lakini ni mto wa mabadiliko makubwa: mvua za masika na vuli huujaza mpaka unatisha, na kiangazi kirefu hubakisha mkondo mwembamba kwenye mchanga mpana. Tsavo haupandi wala kushuka kwa kiasi hicho, kwa sababu hazina yake iko chini ya ardhi. Wakati wa mafuriko, mchango wa Tsavo kwa Galana ni mdogo ukilinganisha na Athi. Wakati wa ukame mambo yanageuka, na tawi linaubeba mto mkuu. Tembo, nyati na twiga wanaoshuka Galana jioni mwezi wa tisa wanakunywa, kwa kiasi kikubwa, mvua ya Chyulu.

15. Kwa nini mito hii miwili ina rangi tofauti?

Athi umepita mbali. Umechukua udongo wa mashamba ya Ukambani yaliyo kwenye miteremko, na huko juu umepokea maji machafu ya Nairobi na miji inayoizunguka. Mvua ikinyesha, unakuja mwekundu mzito. Tsavo, kwa kuwa maji yake mengi yametoka ardhini na mkondo wake uko ndani ya mbuga, siku za kawaida ni mweupe zaidi. Mvua kubwa ikinyesha kwenye nyika yenyewe, hata Tsavo hubeba tope na tofauti hupotea kwa siku chache.

## Watu, daraja na bomba

16. Hili ndilo daraja la simba waliokula watu?

Ndilo eneo lenyewe. Machi 1898 mhandisi Mwingereza, John Henry Patterson, alifika kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa kwenda bara, juu ya Mto Tsavo. Simba wawili madume wasio na manyoya shingoni walianza kuwavuta wafanyakazi kutoka mahemani usiku. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vibarua walioletwa kutoka India, na Waafrika pia. Kazi ilisimama kwa muda. Patterson aliua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba 1898, na daraja likakamilika mwanzoni mwa 1899.

Idadi ya waliouawa ina ubishi. Patterson alikuja kutaja watu 135. Utafiti uliotolewa 2009, uliopima kemikali kwenye mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria takriban 35. Ngozi zao ziliuzwa 1924 kwa makumbusho ya Field ya Chicago, Marekani, na ziko huko mpaka leo.

Mara nyingi watu hueleza simba na kuusahau mto, na hali mto ndio sababu ya yote. Kabla ya reli, misafara ya pwani iliyokuwa ikipanda bara kutoka Mombasa ililazimika kuvuka nyika ya Taru, ambako maji ni ya kubahatisha. Tsavo ulikuwa mahali pa uhakika pa kunywa, kupumzika na kulala. Waliochoka au kuugua walibaki hapo na wengine walifia hapo. Watu na wanyama walikutana kwenye ukingo huu miaka mingi kabla ya mahema ya reli.

17. Ni kweli Mombasa inakunywa maji ya Tsavo?

Kweli, na kwa njia mbili. Ya kwanza ni bomba la Mzima, lililoanza kazi 1957. Lina urefu wa kilomita 220 hivi na uwezo wa takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku, yaani lita milioni 35, karibu sehemu moja kwa sita ya maji yanayotoka chemchemini. Maji hushuka kwa mteremko wa ardhi hadi pwani, yakihudumia pia miji ya njiani kama Voi. Wajenzi walichukua maji kutoka ndani ya ardhi, kwenye lava na majivu, kabla hayajachomoza, ili mabwawa ya viboko yasiguswe. Ulikuwa uamuzi wa busara, na ndio sababu mgeni anaweza kuzunguka Mzima yote bila kuona dalili za mradi mkubwa wa maji.

Njia ya pili hujulikana na wachache. Chini kabisa, kwenye Sabaki, kuna visima vya Baricho, vinavyovuta maji kutoka mchanga wa mto na kuyapeleka Malindi, Kilifi na Mombasa. Mchanga huo unajazwa na mto, na mto ule kiangazini unajazwa na Tsavo. Nyumba ya Mombasa yenye maji ya Baricho nayo imeunganishwa na Chyulu, ila kwa njia ndefu.

Wakazi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka kwamba bomba linapita mlangoni kwao huku wao wakichota kwenye vidimbwi. Lalamiko hilo lina haki. Mpango wa bomba la pili umezungumzwa kwa muda mrefu, na kila unapozungumzwa maswali ni yale yale mawili: wenyeji watapata nini, na mto utabakiziwa kiasi gani?

18. Naweza kuogelea au kuvua samaki mtoni?

Usiogelee. Mamba na viboko wapo mto mzima, na maji yakiwa safi haimaanishi kwamba utamwona mamba kabla yeye hajakuona. Ndani ya mbuga uvuvi hauruhusiwi. Mzima kuna njia ya kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa wanyamapori, na hiyo inatosha kuuona mto kwa karibu.

19. Nikiwa kwenye basi au treni, nitaujuaje?

Kwa barabara, ukitoka Mtito Andei kwenda Voi, angalia mahali ambapo nyika ya kijivu inakatwa ghafla na mikoma mirefu. Daraja ni fupi na basi haliliheshimu. Ukiinama kutafuta chupa ya maji umelikosa. Kwa treni ya SGR, yaani reli mpya ya Nairobi–Mombasa, iliyoanza kubeba abiria 2017, unapita juu ya daraja refu lililoinuliwa, na wanyama hupita chini yake. Kaa dirishani.

## Utata kidogo

20. Ramani yangu inaandika "Athi" hata baada ya makutano. Imekosea?

Si lazima. Baadhi ya ramani huandika Athi-Galana au Athi-Galana-Sabaki kwa mfumo wote, na nyingine huandika Galana peke yake hadi baharini. Kwa matumizi ya kawaida, Tsavo ndio kigezo: juu ya makutano ni Athi, chini yake ni Galana. Mpaka kati ya Galana na Sabaki hauna alama ya namna hiyo. Unategemea nani anayeuita.

21. Kama Tsavo ni safi, mbona bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia?

Kwa sababu Tsavo hauna wingi wa kuosha tope la Athi. Msimu wa mvua, Sabaki hutoa udongo mwingi baharini, na fukwe za Malindi na Mambrui hubadilika rangi kwa wiki kadhaa. Udongo huo ni wa mashamba ya juu. Matumbawe yanaumia kwa kufunikwa, ingawa mdomo wa mto wenye matope na mchanga umekuwa makao mazuri ya ndege wa majini. Anayetaka kulipunguza tope hilo aanzie kwenye matuta ya mashamba ya Machakos na Makueni. Hata ungeongeza maji safi ya Tsavo mara mbili, udongo ungebaki ule ule.

22. Ikinyesha leo, Galana utajaa lini?

Inategemea imenyesha wapi. Ikinyesha Nairobi na Ukambani, maji yanashuka juu ya ardhi na kufika Galana baada ya siku chache. Ikinyesha Tsavo kwenyewe, makorongo makavu yanageuka mito kwa saa kadhaa na kumwaga moja kwa moja. Ikinyesha Kilimanjaro upande wa Rombo, sehemu inashuka mapema na sehemu inazama ardhini.

Ikinyesha Chyulu, Galana hautaona tofauti yoyote wiki hii, wala mwaka huu. Kwa yale makadirio ya miaka 25, mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizovunja madaraja kote nchini, zilikuwa zinaanza kuchomoza Mzima kwenye miaka ya 2022 na 2023, zikiwa zimechanganyika na mvua za kabla na baada yake. Na msitu uliokatwa Chyulu mwaka huu utapimwa mtoni na watu ambao leo wako darasa la kwanza.